Uso wa mfarishi uliokaa sandukuni: tafuta ubovu kwanza, ndipo umalizie

Uso wa viraka ukikaa sandukuni miaka kumi, mara nyingi si kwamba ulisahaulika tu. Uliachwa pale kitu kilipogoma. Pembe mbili zilikataa kukutana, kitenge cha bluu kiliisha kabla ya safu ya mwisho, au cherehani ilianza kuruka mishono hadi mshonaji akachoka. Ukiutoa leo na kukimbilia dukani kununua pamba na bitana, ubovu ule ule utaufungia katikati ya matabaka, na kuufumua huko ni kazi maradufu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: uliachwa kwa nini?

Mfarishi ninaouzungumzia hapa una tabaka tatu: uso wa viraka juu, ujazo katikati na bitana chini, zote zikishikwa na mishono inayopenya hadi upande wa pili. Ulichonacho sandukuni ni tabaka moja tu, na karibu kila tatizo utakalolilaumu baadaye kwenye tabaka tatu lilikuwa tayari kwenye hilo moja.

Ukaguzi: usifue, usipige pasi

Fagia sakafu, tandaza shuka jeupe, ulaze uso juu yake mchana penye mwanga. Usiufue wala kuupiga pasi kwanza. Pasi huficha mawimbi ambayo unatakiwa kuyaona, na moto wake huyakaza madoa mengi. Chukua tepu ya fundi upime upana wa juu, wa katikati na wa chini, kisha urefu wa kushoto, wa katikati na wa kulia. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Andika, maana namba hizo utazirudia hadi mwisho wa kazi.

Sasa geuza. Mgongo ndio unaosema kweli. Huko utaona uzi ulibadilishwa wapi, na wapi mtu alishona juu ya mshono wa zamani kwa haraka. La muhimu zaidi ni akiba ya mshono, yaani kile kipande cha kitambaa kinachobaki nje ya mshono. Washonaji wa viraka huacha robo inchi. Fundi aliyezoea magauni huacha nusu inchi au zaidi. Kama uso ni wa mama au bibi, akiba yake ndiyo unayopaswa kuifuata unapoongeza viraka vyako. Ukishona kwa robo inchi juu ya kazi ya nusu inchi, viraka vyako vitatoka vikubwa kuliko vyake na hutajua kwa nini.

Unanuka, una madoa

Harufu ya vidonge vya nondo au ya sanduku huondoka kwa hewa. Anika kivulini penye upepo siku kadhaa, ukiugeuza. Jua kali la kutwa nzima sipendekezi: kitenge kinapauka upande mmoja, na mistari ya mikunjo inabaki imeandikwa.

Vidoa vyeusi vilivyotawanyika ni ukungu, jambo la kawaida mno pwani. Upeleke nje, ukung'ute na kuusugua kwa brashi kavu ukiwa umeziba pua, ndipo ufue. Ukungu uliokwishaingia ndani ya nyuzi hautoki wote. Kiraka kilichooza kwa ukungu kibadilishe, usibishane nacho.

Madoa ya rangi ya kahawia yenye umbo la mstari mfupi au nukta yanatokana na pini au sindano zilizosahauliwa. Hiyo ni kutu. Kamua limau juu yake, nyunyiza chumvi, weka juani, lowesha tena kila linapokauka, kisha suuza sana. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, kwa sababu limau huweza kupausha rangi. Jiki usiiguse hapa: klorini haitoi kutu, huizidisha, na pamba yenyewe inadhoofika.

Ikibidi kufua uso ambao haujapata bitana, shona kwanza mshono mmoja kuzunguka ukingo wote, milimita tatu kutoka pembeni, ili nyuzi zisichomoke. Fua kwa beseni na maji ya baridi, usikamue kwa kusokota, kausha ukiwa umelazwa juu ya taulo. Kama hauna harufu wala doa, basi usiufue kabisa. Utafuliwa ukiwa mfarishi kamili, na hapo utastahimili zaidi.

Mishono inaachia

Shika mshono kwa vidole gumba pande zote mbili, uvute taratibu. Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea, na kila moja lina dawa yake.

Uzi ukikatika tik, tik, tik, kitambaa kikiwa kizima, basi uzi umezeeka. Habari njema ni kwamba viraka vyako ni vizima. Habari mbaya ni kwamba uzi huo huo upo kila mahali. Jaribu mishono kama kumi sehemu tofauti. Ikiwa mingi inakatika, usizibe mmoja mmoja. Pitisha cherehani mishono yote upya kutoka nyuma, juu kabisa ya mstari wa zamani. Inachosha, ila haihitaji akili nyingi, weka redio.

Uzi ukibaki na kitambaa kikachomoka nyuzi, akiba ilikuwa ndogo. Ikiwa milimita nne au tano zimebaki, shona tena kwa mishono midogo, kumi na mbili kwa inchi. Ikiwa hazijabaki, bandika nyuma utepe wa kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi huweka kwenye kola, piga pasi, kisha shona juu yake. Au funika pengo kwa kiraka kipya upande wa mbele na ukishone kwa mkono. Hakuna sheria inayokataza kiraka juu ya kiraka.

Kitambaa chenyewe kikipasuka kwenye mstari wa mkunjo, kimelika. Nguo iliyokunjwa vile vile miaka yote huishiwa nguvu hapo. Kipande hicho kitoke. Na ukimaliza kazi, kila unapoukunja mfarishi badilisha mahali pa mkunjo.

Kingo zinapiga mawimbi, au katikati panavimba

Hili ndilo lililofanya nyuso nyingi zikaachwa, na ndilo watu wanalolitibu vibaya kuliko yote. Wanasema, "Litanyooka likishonwa na pamba." Halinyooki. Kitambaa cha ziada hakiendi popote; kinageuka mkunjo chini ya mguu wa cherehani.

Rudi kwenye namba zako. Tuseme urefu wa katikati ni sentimita 188, wa kushoto 193, wa kulia 192. Kingo ni ndefu kuliko moyo, kwa hiyo zitacheza. Ikiwa ni kinyume, katikati 192 na kingo 188, kingo zinabana na katikati panavimba. Namba zikilingana na bado haulali, tatizo ni la kiraka au safu fulani, si la ukingo.

Mawimbi yakiwa kwenye mkanda wa pembeni peke yake, sababu ni ile ile siku zote. Mshonaji alichukua mkanda mrefu, akaanza kushona pembe moja hadi nyingine bila kupima, akafika mwisho akakata uliozidi. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, mguu husukuma cha juu, na polepole mkanda unaingia mrefu kuliko uso. Dawa ni kufumua mkanda huo, kuukata upya kwa kipimo cha katikati, kisha kuweka pini: mwanzo, mwisho, nusu, na robo zake. Shona upande ulio mrefu kidogo ukiwa chini, kwenye meno. Meno yatausaidia kuingia. Tofauti ya sentimita moja kwa kila mita huingia hivyo bila kuonekana. Ikizidi hapo, usilazimishe, kata tena.

Mawimbi yakiingia hadi ndani ya viraka, tazama nyuzi za kitambaa kwenye ukingo wa nje. Zikienda mshazari badala ya kufuata ukingo, viraka vilikatwa kwa pembe ya kunyumbuka, na miaka ya kukunjwa imezidi kuvinyoosha. Hapa usifumue. Piga bandi ndefu milimita tatu kutoka ukingoni, vuta uzi wake pole pole mpaka ukingo ufikie kipimo cha katikati, funika kwa kitambaa chenye unyevu, kisha bonyeza pasi. Nimesema bonyeza: inua, weka, inua, weka. Kuisukuma pasi huku na huko ndiko kulikoleta mawimbi. Uache ukauke palepale sakafuni.

Uvimbe wa katikati una kipimo rahisi. Fumua kama shibiri moja ya mkanda wa pembeni, pale karibu na uvimbe. Ukilala, mkanda ndio uliokuwa ukibana; endelea kuufumua na uweke mrefu zaidi. Usipolala, pima viraka vinavyozunguka uvimbe kimoja kimoja. Utakuta kuna kimoja au viwili vikubwa kuliko wenzake, vikalazimishwa. Milimita moja haionekani, lakini kiraka kina mishono miwili, kushoto na kulia. Akiba ikizidi milimita moja kila upande, kila kiraka kinapungua milimita mbili, na safu ya viraka kumi inapungua sentimita mbili nzima. Ndivyo safu ya Januari isivyoweza kulingana na safu ya Juni iliyoshonwa kwa cherehani ya jirani.

Pembe za viraka hazikutani

Kwanza amua kama ni tatizo. Simama hatua tatu nyuma. Kama huoni, hakuna atakayeona. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kwenye kona ya mto huko Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, mistari ikipinda itakavyo. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na baadaye kwenye jumba la Whitney huko New York. Sisemi upinde makusudi. Nasema usifumue safu nzima kwa ajili ya milimita mbili.

Ikiwa zimepishana kiasi cha kukera jicho, fumua sentimita tatu tu kila upande wa pembe hiyo. Wembe ni mwepesi, lakini kwenye kitambaa cha miaka mingi tumia ncha ya sindano au mkasi mdogo, ukikata kila mshono wa tatu, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Angalia nyuma akiba mbili zimelala wapi. Zikilala upande mmoja, zinasukumana na kufanya donge. Laza ya juu kushoto, ya chini kulia, zitajifunga zenyewe pembe kwa pembe. Tia pini, shona tena.

Kitenge hicho hakipatikani tena, na kitanda kimekua

Usizunguke Kariakoo nzima au Biashara Street nzima ukitafuta kitenge cha mwaka ule. Hata ukikipata, chako kimepauka na hicho kipya kitang'aa kama nguo ya kuazima. Tumia rangi moja iliyokolea, nyeusi, bluu ya kaniki au kahawia, na iweke zaidi ya mahali pamoja. Kipande kipya kikiwa kimoja kinaonekana ni kosa. Kikiwa vitatu au vinne ni mpango. Kifue kipya mara mbili tatu kabla ya kukikata.

Ukubwa nao. Uso ulioshonwa kwa kitanda cha nne kwa sita, tuseme inchi 56 kwa 74, hautafunika tano kwa sita. Godoro hilo ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka mfarishi ushuke inchi nane kila ubavu na nane miguuni, unahitaji 76 kwa 80. Upana umepungukiwa 20, kwa hiyo kila ubavu unahitaji mkanda wa inchi 10, ukiukata 10 na nusu kwa ajili ya akiba ya robo inchi kila upande. Urefu umepungukiwa 6: ongeza miguuni peke yake, mkanda wa 6 na nusu. Ongeza inchi moja zaidi ukipenda, kwa sababu mishono ya kupenyeza hula kidogo. Mkanda mmoja wa inchi kumi huonekana mzito; ugawe, mwembamba wa rangi iliyokolea ndani na mpana nje.

Rangi inachuja

Pima kabla ya kuunganisha tabaka. Lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kila rangi kali, hasa nyekundu, bluu na nyeusi, bonyeza pasi ya moto kidogo, inua. Kikipata rangi, kiraka hicho kitachuja.

Wengi wataambiwa waloweke kwenye chumvi au siki. Kwa kitenge cha kiwandani sioni faida yake. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati wa kutia. Rangi iliyobaki juu juu ya uzi bila kushika haifungwi nayo. Kinachofanya kazi ni kuitoa rangi hiyo ya ziada: maji mengi, sabuni ya kutosha, kubadilisha maji mpaka yatoke meupe. Vitambaa vipya vifanyie hivyo kabla ya kuvikata. Kwa viraka vilivyokwisha kushonwa, kama ni kimoja au viwili vinavyochuja sana, vibadilishe sasa.

Kuna kipimo kingine cha kufanya siku hiyo hiyo. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye akiba ya kila kitambaa uziunguze kwa kiberiti, juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Polista haisinyai ikifuliwa, pamba husinyaa. Zikiwa jirani, kiraka kimoja kitakunjamana na kingine kitabaki kimetuna. Na pasi ya moto wa pamba ikipita juu ya polista, unajua kitakachotokea.

Bitana na ujazo: maamuzi kabla ya matatizo

Kitenge cha yadi sita kinatosha bitana ya mfarishi wa 76 kwa 80 na pindo lake, yaani mkanda wa kufunga kingo mwishoni, kikiwa na upana wa inchi 45 hivi (pima, vinatofautiana). Vipande viwili vya inchi 88 kila kimoja, vikiunganishwa ubavu kwa ubavu, vinakupa bitana inayozidi uso kwa angalau inchi nne kila upande. Kinachobaki ni zaidi kidogo ya yadi moja, na pindo linahitaji mikanda minane ya inchi mbili na nusu. Ukitumia amerikani, ifue kwa maji ya moto kwanza, husinyaa. Shuka kuukuu la pamba ni zuri pia, na laini kwa sindano ya mkono.

Kwa ujazo, ukipata ile pamba ya polista inayouzwa kwa mita kwa ajili ya majaketi, chagua nyembamba. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, blanketi jepesi linatosha kabisa, hata kuukuu lisilo na matundu. Sufi iache kwenye mito. Haina mshikamano, ikilowa inashikana madonge, na utahitaji kupitisha mishono karibu karibu mno ili isihame.

Nyuma kumejaa mikunjo

Umeshona vizuri juu, ukageuza, bitana imekunjamana kila mahali. Sababu karibu zote ziko kwenye namna ulivyoilaza. Bitana hulazwa ya kwanza, mgongo juu, na kubandikwa sakafuni pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi ikiwa imenyooka, lakini haijavutwa mpaka inalia. Ikivutwa sana, siku ukiibandua inarudi na kukukunjia uso. Juu yake ujazo, upapase kutoka katikati kwenda nje. Kisha uso.

Halafu bandi. Anza katikati, nenda pande nne, kisha jaza, mstari kila kiganja kimoja. Watu hukwepa hatua hii kwa kuweka pini chache. Pini za kawaida zinateleza na kukuchoma. Pini za usalama zinafaa, zikiwa nyingi vile vile, moja kila kiganja.

Kama mikunjo tayari ipo, fumua mistari inayopita kwenye mkunjo tu, nyoosha, piga bandi upya eneo hilo, shona tena. Mkunjo mmoja mdogo upande wa chini sioni haja ya kuufumua.

Mistari ikipinda kama imesukumwa upande, umeshona mstari mmoja kwenda na wa pili kurudi. Anza yote upande uleule. Punguza pia mgandamizo wa mguu wa cherehani kama yako ina skrubu yake juu. Mfarishi mkubwa usipopita chini ya mkono wa cherehani, uviringishe pande zote mbili na kuacha njia katikati.

Na usipopita kabisa? Funga vifundo. Uzi mnene wa pamba, sindano ndefu, penyeza chini, rudi juu, funga mara mbili, acha ncha fupi. Kifundo kila inchi nne. Wapo wanaoona ni njia ya wavivu, lakini hushika vizuri, na mfarishi uliofungwa vifundo unalala kitandani leo. Ule unaosubiri mishono mizuri bado uko sandukuni.

Cherehani inagoma

Inaruka mishono: badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Namba 14 inatosha kuunganisha viraka vya kitenge. Kwa tabaka tatu weka 16. Hakikisha upande bapa wa kichwa cha sindano umeelekea kwenye ndoano inayokamata uzi, na uzi unaingia tunduni kutoka upande wenye mfereji mrefu. Sindano iliyopandishwa nusu nayo huruka.

Uzi unafanya fundo chini ya kitambaa: kila mtu hukimbilia bobini. Mara nyingi kosa liko juu. Uzi haukuingia kati ya sahani za kukazia, kwa sababu ulitungwa mguu ukiwa chini na sahani zimefungana. Inua mguu, toa uzi wote, tunga upya. Ikiwa bado, ndipo utoe bobini na kupiga brashi manyoya yaliyojaa chini ya meno.

Sindano inavunjika pale mishono minne inapokutana: unavuta kitambaa kwa mkono. Acha meno yafanye kazi, na penye donge zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uvuke. Uzi unakatika kila dakika: chukua uzi mwingine kabla ya kulaumu mashine, wa zamani ulioupata kwenye sanduku hilo hilo huenda nao umeoza. Urefu wa mshono kwa tabaka tatu uwe mishono minane kwa inchi.

Cherehani iliyolala muda mrefu ikitiwa mafuta, shona kwanza kwenye tambara mpaka lisitoe doa.

Pindo limejikunja

Pindo hukatwa baada ya kunyoosha kingo za tabaka zote tatu pamoja, si kabla. Likicheza, ulilivuta wakati wa kushona, au ulikata mshazari bila sababu. Mfarishi wenye pande nne zilizonyooka unataka mkanda wa kufuata uzi. Kunja mkanda wa inchi mbili na nusu katikati, ushone mbele, ugeuze nyuma, umalizie kwa mkono. Kwenye pembe simama robo inchi kabla ya mwisho, kata uzi, kunja mkanda kwenda juu halafu chini, anza tena kutoka ukingoni. Pembe inayotoka duara maana yake hukusimama mapema.

Uso usiookoka

Kuna uso ambao robo tatu ya viraka vyake vimelika, na nusu ya mishono haishiki. Usiupe bitana. Okoa viraka vizima, uvishone kwa namna ya Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao asili yao ni Afrika, ikiwemo pwani yetu ya mashariki. Mfarishi wao, kawandi, hauna uso unaotengenezwa peke yake. Wanalaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza pembeni, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake ndani, wanakishona kwa mkono kwa mishono midogo inayopita tabaka zote, wanaongeza kingine, wakizunguka kuelekea katikati. Kila pembe ya mwisho hupata kishada cha vipande vilivyokunjwa. Vipimo havihitajiki kulingana kabisa, kwa hiyo mabaki ya ukubwa wowote yanafaa.

Baada ya kufua

Mfarishi wa pamba ukikunjamana kidogo baada ya kufuliwa mara ya kwanza, hiyo ni pamba kusinyaa, acha hivyo. Madonge ndani yanamaanisha mishono iko mbali mno, na bado unaweza kuongeza vifundo katikati ya mistari. Rangi ikichuja kwenye kiraka cheupe, usiukaushe. Rudisha haraka kwenye pipa au beseni kubwa kabisa ulilonalo, maji ya moto mengi na sabuni, uloweke mpaka kesho yake, ubadilishe maji kila yanapopata rangi. Doa la rangi ambalo halijakauka hutoka mara nyingi. Lililopigwa pasi, mara chache.